Zamu Ikikutoka, Meli Zako Umeziacha Wapi?

Ndugu msomaji, Jumapili hii nawaomba radhi wale waliotazamia tuendelee na mazungumzo yetu ya karo na sare za shule. Nimerudi likizo na jambo jingine, nalo ni la aibu kidogo kwa mtu wa umri wangu. Nimepigwa vita vya majini, nimepoteza manowari nne, na aliyenipiga ni mpwa wangu wa darasa la saba.

Mahali penyewe ni Mbebe. Kama hujabahatika kufika, Mbebe ni kata ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe. Ukitoka Tunduma unarudi hadi Mpemba, unashika barabara ya Isongole, na kutoka hapo kazi yako ni kuwauliza wenyeji, nao ni watu wema wasiochoka kuelekeza. Bahari haipo huko. Maji yanayotajwa na kila mtu ni ya Mto Songwe, unaotenganisha nchi yetu na Malawi na kwenda kujimwaga katika Ziwa Nyasa. Dada yangu aliolewa huko, na mwezi wa Julai nilikwenda kumjulia hali, nikakuta baridi kali na ugomvi mdogo wa nyumbani.

Ugomvi ulikuwa wa simu. Simu ni ya dada, kioo chake kimepasuka pembeni, na ndiyo anayoitumia kupokea fedha za wateja wa maharage. Jioni, kazi zikiisha, wanawe wawili huiomba, wakaketi barazani na kuanza kupokezana. Mkubwa, aliye kidato cha tatu, hubonyeza mara tano sita, kisha humkabidhi mdogo. Mdogo huinamia kioo, hunyamaza kitambo, hubonyeza naye, hurudisha. Shemeji yangu hakuwa akipendezwa hata kidogo. Alinikaribisha kiti, akasema, “Shemeji, wewe ni mtu wa gazeti, umesoma. Hebu waambie hawa. Vita gani hivi visivyokwisha tangu Pasaka?”

Nikajibu kwamba hakimu hahukumu kabla ya kusikiliza shauri, na kwamba kwanza nifundishwe mchezo wenyewe. Dada akacheka. Nadhani alijua yatakayonipata.

Mchezo wao unaitwa The Battle of Polytopia. Ulitungwa Uswidi, ukatoka mwaka 2016, na kwa nyumba kama ile una faida moja kubwa: watu wawili waweza kuucheza kwa simu moja, bila intaneti, kwa kupeana zamu. Hauna mbio wala haja ya vidole vyepesi. Una ramani iliyogawanywa miraba, na ramani ndogo kabisa ina miraba 121, sehemu nchi kavu na sehemu maji, nyingi zikiwa zimefunikwa na mawingu mpaka wewe mwenyewe ufike karibu. Una miji, askari, na nyota ambazo ndizo fedha. Katika zamu yako unafanya unayoyataka: unajenga, unasafiri, unapiga. Ukimaliza unabonyeza kitufe cha kumaliza zamu, na kuanzia hapo huna la kufanya isipokuwa kungoja. Mwenzako naye atafanya ayatakayo juu ya vitu vyako vilivyosimama kama ulivyoviacha.

Nilijenga gati. Askari akikanyaga gati hugeuka chelezo na kuelea. Na chelezo ukikilipia nyota huwa chombo cha vita. Kipo cha upelelezi, chepesi na chenye kuona mbali. Kipo cha kugonga, kigumu, kifaacho kwa mapambano ya karibu. Na kipo cha mizinga, kipigacho umbali wa miraba mitatu na kuwaumiza hata waliosimama jirani na aliyelengwa. Mimi, kama unavyoweza kukisia, nilipenda mizinga. Nilinunua vitatu vya namna hiyo na kimoja cha upelelezi, nikavipanga safu, nikavuka nusu ya maji kuuendea mji wa mpwa wangu. Niliuona ukuta wake kwa mbali. Nikasema zamu ijayo nitaubomoa. Nikabonyeza kitufe.

Kijana akapokea simu. Hakusema neno. Alipoirudisha, chombo cha upelelezi hakikuwapo, na viwili vya mizinga vilikuwa vimezama pamoja na askari waliokuwa ndani yake, maana katika mchezo huu chombo hakizami peke yake. Kile cha tatu kilibaki kikiwa taabani, nacho kilikwenda katika zamu iliyofuata. Nilimpongeza kwa kuzizamisha meli zangu. Akanitazama kwa heshima, kama wanavyofunzwa watoto wa huko, akasema, “Mjomba, mimi sikuzizamisha. Umezizamisha mwenyewe ulipobonyeza pale ukiwa katikati ya maji.”

Ndugu msomaji, maneno hayo yalininyima usingizi, na si kwa ajili ya mchezo. Nimepata kusoma kidogo juu ya vita vya majini vilivyopiganwa katika maji ya nchi yetu kati ya mwaka 1914 na 1916, wakati Mjerumani na Mwingereza walipokuwa wakigombana juu ya migongo ya babu zetu. Nililala nikizihesabu meli zile moja moja. Na kila niliyoihesabu ilinirudisha kwa yule mtoto. Sikukumbuka hata moja iliyopotea kwa sababu nahodha wake hakujua kupiga mizinga. Zilipotea kwa sababu ya mahali zilipokuwa, na hali zilizokuwamo, wakati zamu ilipokuwa ya mwingine.

ZAMU ILIYOANZA BILA HABARI

Asubuhi, tukiota moto, niliwaeleza wapwa zangu kwamba kisa cha kwanza kilitokea katika ziwa lile lile linalopokea maji ya mto wao. Mwaka 1914 Ziwa Nyasa lilikuwa na meli mbili za serikali za kutajwa. Waingereza walikuwa na Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades. Wajerumani walikuwa na Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Manahodha hawa walikuwa marafiki, wakinywa pamoja kila meli zao zilipokutana.

Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti. Habari zilimfikia Rhoades mapema, hazikumfikia Berndt. Tarehe 13 Agosti, Gwendolen ilifika Sphinxhaven, yaani Liuli ya leo, katika Mkoa wa Ruvuma. Ikaikuta meli ya Wajerumani imetolewa majini, imewekwa juu ya mteremko wa matengenezo. Ikaipiga. Husimuliwa kwamba Berndt alitoka kwa mashua ndogo akipiga makasia kwa ghadhabu, akamwuliza rafiki yake kama amelewa. Ndipo alipoambiwa kwamba mataifa yao yako vitani, naye sasa ni mateka. Waingereza wakaondoka na vipuri vya mitambo, meli ikabaki kiwete. Kwa pigo hilo moja ziwa zima likawa la Waingereza, na Wajerumani hawakupata tena nafasi ya kusafirisha askari kwa maji upande ule.

Mkubwa aliuliza swali ambalo sikulitarajia. “Mjomba, kama meli ilikuwa matengenezoni, ingelindwaje?” Kabla sijajibu, mdogo akasema kwamba hata katika mchezo wao chombo kilichoumia hupumzishwa ndani ya mipaka yako, kwa maana huko hupona upesi kuliko nje, lakini huwezi kukipumzisha peke yake. Sharti mbele yake uweke kingine kilicho kizima, na mbele zaidi uweke jicho. Liuli haikuwa na kizima wala jicho. Meli ilikuwa moja, na siku ilipokuwa mgonjwa hapakuwa na wa kumlinda mgonjwa.

Usidhani ni Mjerumani peke yake aliyefanya hivyo. Mwezi mmoja tu baadaye Mwingereza alianguka katika shimo lile lile, huko Unguja. Manowari yake Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini, moto umepunguzwa, inatengenezwa mitambo. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea, ikasimama umbali ambao mizinga yake ilifika na ya Pegasus haikufika, ikaipiga mpaka ikazama. Hilo la umbali ndilo nililolielewa vizuri kuliko yote, kwa kuwa siku iliyotangulia nilikuwa nimelionja mwenyewe. Kukaa mahali ambapo adui akufikia nawe humfikii ni sawa na kukaa umefungwa mikono.

MSTARI WA NYUMA

Tufike kwa Königsberg yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye utamu, na wasomaji wangu wa Dar es Salaam wataniwia radhi nikikawia.

Nahodha wake, Max Looff, hakuwa mtu wa kukutwa amelala. Tarehe 31 Julai 1914, vita havijatangazwa bado, aliitoa meli yake katika bandari ya Dar es Salaam ili asije akafungiwa ndani. Alijua kwamba bandari yenye mlango mmoja ni nyumba mpaka adui atakapofika mlangoni. Akishafika huwa jela. Hapo alicheza vizuri kabisa. Lakini baada ya pigo la Unguja mitambo ya meli yake nayo ikaharibika, makaa ya mawe yakawa haba, akaingia katika mikono ya Mto Rufiji.

Kama ni maficho, hapakuwa na pazuri zaidi. Mto Rufiji hujigawa mikono mingi kabla ya kufika baharini, imezungukwa na mikoko, na kina chake hakizipitishi manowari kubwa. Königsberg ilipenya kwa msaada wa maji kujaa. Kandokando ya mikono hiyo Wajerumani waliweka askari na mizinga midogo. Vipuri vya mitambo vilivutwa kwa nguvu za watu, nchi kavu, hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa vivyo hivyo. Nani aliyevivuta, unaweza kukisia.

Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waligundua maficho hayo. Hawakuweza kuingia, lakini waliweza kukaa mlangoni, nao wakakaa. Waliizamisha meli ya kale katika njia mojawapo ili kuiziba. Wakaleta ndege, ambazo siku zile zilikuwa kitu kipya. Mwisho wakaleta manowari mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizoundwa kwa kazi ya mitoni. Ndege zikiwa juu zikitazama risasi zinaangukia wapi, manowari hizo zilijaribu tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Königsberg ikaisha.

Wachezaji wa bao hawahitaji simu ili kulielewa jambo hili. Katika bao la Kiswahili huliwa kete za mstari wa mbele tu. Zilizo mstari wa nyuma hazigusiki. Mchezaji mwoga huona hiyo ni bahati, akazikusanya zote nyuma, akatulia. Lakini bao lina sheria nyingine: mstari wako wa mbele ukibaki mtupu umefungwa, hata kama huko nyuma una kete nyingi kuliko aliyekufunga. Looff alizipeleka kete zake nyuma. Kwa miezi minane hazikuliwa. Na kwa miezi minane hazikula.

Wapo watakaopinga, nami sitaki kuwanyima haki yao. Watasema kwamba meli moja iliyojificha iliwafunga Waingereza wengi mlangoni, meli zao zikakosa kwenda mahali pengine. Ni kweli. Tena, mizinga yake kumi ya milimita 105 ilitolewa matopeni, ikatiwa magurudumu, ikapigana nchi kavu kwa muda mrefu baada ya meli yenyewe kulala. Mmoja wa mizinga hiyo waweza kuuona leo Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu, karibu na mzinga wa Pegasus; maadui wa Unguja sasa wanapigwa picha pamoja na watoto wa shule. Kwa hiyo maficho yana faida. Lakini mpwa wangu alilitenga jambo hilo kwa sentensi moja: “Hiyo ni kuficha, mjomba, si kulinda.”

WALIOTAZAMA MAJI TU

Kufikia hapo shemeji alikuwa amekwisha sogeza kiti. Hakuwa akijali Unguja wala Rufiji, lakini nilipotaja Ziwa Tanganyika alisikiliza, na sababu ni jiografia. Nyanda hizi za Ileje na Tunduma ziko kati ya maziwa mawili, Nyasa upande mmoja na Tanganyika upande wa pili, na tangu zamani mwenye kutaka kuweka meli katika Tanganyika, kama hakupita njia ya Tabora, alipita huku. Wamisionari wa London walipitisha vipande vya meli yao Good News kutoka Nyasa kwenda Tanganyika, ikashushwa majini mwaka 1885. Wajerumani wakapitisha vipande vya Hedwig von Wissmann, ikashushwa majini mwaka 1900. Hermann na Hedwig walikuwa mtu na mkewe. Yeye alikuwa gavana. Mume akapewa ziwa moja na mke ziwa jingine, mambo ya wakubwa hayo.

Vipande vya chuma, ndugu msomaji, havina miguu. Viliburutwa, vikasukumwa, vikabebwa vichwani na mabegani, vilima vikipandwa na mabonde yakishukwa. Shemeji akamgeukia mwanawe mdogo na kumwuliza, “Na huko kwenye mchezo wenu, wabebaji wanahesabiwa?”

“Hapana baba. Unalipa nyota tu.”

“Basi andika hilo,” akaniambia mimi. Nimeandika.

Mwaka 1915 Wajerumani walikuwa na meli tatu za vita katika Ziwa Tanganyika. Kingani ilikuwa ndogo. Hedwig ilikuwa ya wastani. Ya tatu ilikuwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa, ikatiwa katika makasha kama elfu tano, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli kuelekea Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini mwezi wa Februari 1915. Ilifungwa mzinga mmojawapo wa Königsberg. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji hawakuwa na chombo cha kuzifikia. Ziwa lilikuwa limefungwa pande zote, hakuna mlango wa bahari. Kamanda Gustav Zimmer alitazama maji yake, akahesabu vyombo vya adui, akapata jumla isiyomtia hofu. Ninyi mngefanyaje? Mimi ningelala.

Wakati huohuo Waingereza walikuwa njiani na mashua mbili za injini, ndogo, zenye majina ya kuchekesha, Mimi na Toutou. Ziliteremshwa Cape Town, zikapanda treni hadi kusini mwa Kongo, kisha zikavutwa porini na milimani kwa mashine za mvuke na kwa ng’ombe, barabara ikikatwa mbele yao; zikapanda treni tena, zikaelea katika Mto Lualaba, zikapanda treni nyingine, na siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1915 zikatiwa majini upande wa Kongo, mahali panapoitwa leo Kalemie. Kiongozi wao alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, mtu wa majivuno mengi kwa jinsi anavyosimuliwa, lakini kazi aliimaliza.

Wajerumani hawakuwa wapumbavu. Walihisi kuna jambo ng’ambo, wakatuma watu kuchungulia, na ofisa wao mmoja aliyekwenda kuipeleleza bandari ile alinaswa. Habari hazikurudi. Na jicho likipofuka, mwenye macho mazima hutuma jicho jingine. Tarehe 26 Desemba Kingani ilikuja peke yake kuchungulia. Mashua zile zikaitokea, zikaipiga, zikaiteka. Waingereza wakaitengeneza na kuiita Fifi. Kigoma walingoja Kingani, haikurudi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaituma Hedwig, nayo peke yake. Ikafukuzwa, ikapigwa, ikazama. Kesho yake ikatokea Götzen kuitafuta Hedwig, peke yake vilevile, na safari hii Spicer-Simson hakutoka kuikabili.

Nilipofika hapo mdogo aliruka kitini. “Moja moja!” akasema. “Mjomba, ndivyo hivyo hivyo ulivyofanya wewe!” Nilimkumbusha kwamba mimi nilizituma nne pamoja. Akasema la; zilikwenda pamoja, lakini hazikulindana. Za mizinga zilikuwa mbele, na ile ya kuona mbali niliiweka pembeni, haikuona lolote. Katika mchezo wao chombo kinachoingia katika mraba unaogusana na chombo cha adui hulazimika kusimama hapo hapo, hakiwezi kupita. Kwa hiyo vyombo viwili vigumu, vikiachwa na nafasi baina yao, vyaweza kuziba mlango mpana kuliko vyenyewe, na vya mizinga vikakaa nyuma yao vikipiga juu ya vichwa vyao. Mimi nilikuwa na nyota za kutosha kununua vigumu viwili. Nilizitumia kununua mzinga wa tatu.

Hapo nilikumbuka mchezo wa zamani zaidi wa aina hii, Civilization wa Mmarekani Sid Meier, uliotoka mwaka 1991, ambao tuliucheza chuoni katika kompyuta mbovu badala ya kujisomea mitihani. Ule ulikuwa na adhabu ya kinyume. Ukirundika vyombo vyako vyote katika mraba mmoja nje ya mji, mlinzi wao mmoja akishindwa, wote huangamia naye. Basi moja moja ni hatari, na rundo moja ni hatari. Kati ya hayo mawili ndipo inapopatikana kazi ya nahodha, nayo haina kanuni ya kukariri.

Götzen haikuzamishwa na meli. Mzinga wake mkubwa uliondolewa kwenda kupigana nchi kavu, pakawekwa wa mti ili adui wakiiona kwa mbali waogope. Ndege za Wabelgiji zikaishambulia Kigoma kutoka juu. Na majeshi ya Wabelgiji yakashuka kwa miguu kutoka kaskazini. Meli ilikuwa salama majini, lakini bandari yake ilikuwa inachukuliwa kutoka upande wa mashamba. Tarehe 26 Julai 1916, siku mbili kabla ya Kigoma kutekwa, Wajerumani wenyewe waliipaka mitambo mafuta mazito, wakaijaza mchanga, wakaizamisha kwa mikono yao. Ikatolewa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba, ambalo wasomaji wangu wa Kigoma na Kasanga hawahitaji kulielezwa. Wengi wamelala juu ya sakafu yake na makuku na magunia ya dagaa.

HUKUMU YA MBEBE

Shemeji hakunisahaulisha deni langu. Jioni ya tatu aliniuliza mbele ya wanawe, hukumu iko wapi?

Nilisema hivi. Simu ni ya dada, na biashara ya maharage ndiyo inayoinunulia umeme, kwa hiyo mteja akipiga, vita husimama papo hapo, hata kama mtu yuko karibu kushinda. Kidato cha tatu ana mitihani, naye achague mwenyewe kati ya mchezo mmoja kwa jioni na kutocheza kabisa. Lakini kwamba mchezo huu ni upuuzi, hilo sikulikubali. Nimekaa katika mikutano mingi ya kazi na watu wazima wenye vyeo, nikawaona wakizungumza kwa bidii kuhusu watakalofanya zamu ijayo, na asitokee mmoja wa kuuliza ya mwenzao itakuwaje kwanza. Mtoto wa darasa la saba aliyeketi baridini akijiuliza hivyo kila baada ya dakika tatu, mimi siwezi kumwita mvivu.

Shemeji alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Kisha akanyosha mkono. “Hebu nione,” akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameishika ile simu upande wa kuchezea. Alikawia mno katika zamu yake ya kwanza. Mkubwa alimwonyesha mahali pa kubonyeza, naye akamwambia amwache afikiri.

Siku ya mwisho nilidai mechi ya marudiano. Nilianza kwa kuweka askari wawili nchi kavu, nyuma ya bandari yangu, upande ambao hapakuwa na adui. Mdogo aliwaona, akatabasamu, hakusema kitu. Niliweka chombo cha upelelezi mbali, kwenye ukingo wa mawingu. Niliweka viwili vya kugonga kwenye mlango wa ghuba, baina yao nafasi, na nyuma yao kimoja tu cha mizinga. Halafu nikaketi. Zamu ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Chombo chake kimoja kikajitokeza, kikagusana na kile changu cha kulia, kikasimama kama sheria inavyotaka, nami nikakipiga kwa mbali. Alijaribu upande wa kushoto. Akajaribu kupita nchi kavu. Akawakuta askari wangu.

Akainua macho. “Mjomba,” akasema, “sasa huwezi kushindwa. Lakini utashindaje, kama hutoki?”

Nilikuwa sijapata jibu wakati simu ilipolia mikononi mwangu. Alikuwa mteja wa Tunduma, anataka magunia sita kabla ya Ijumaa. Dada akaichukua, akatoka nayo uani, na aliporudi betri ilikuwa imebakiwa na asilimia nne. Mchezo hujihifadhi wenyewe. Vyombo vyangu vinne viko pale pale, ndani ya simu ya dada, Mbebe, na zamu ni yangu mpaka nitakaporudi Desemba.